Polio Ilipoondoka na Pikipiki Yake

Nyinyi vijana mnaotafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na simu mkononi, kiongozi wenu ameniomba niwasimulie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Sitawazungusha. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kubeba kinyesi cha watoto na kukifikisha Mbarara kikiwa bado baridi. Wenzangu waliitwa Mwalimu, Pasta, Fundi. Mimi kambi nzima iliniita Papa Mavi. Hata kanisani, mchungaji akitaka nisome Neno, alisema, "Sasa Papa Mavi apite mbele," na hakuna aliyecheka, kwa kuwa walikuwa wamezoea.

Jina langu ni Wilondja. Nilitoka Fizi, Kivu ya Kusini, ambako nilikuwa msaidizi wa muuguzi katika zahanati ya misheni. Vita vya mwaka wa tisini na sita vilinitoa kule, na baada ya kuzungukazunguka nikafika hapa. Nilidhani nitaendelea na sindano na bandeji. Siku moja akaja mwanamke wa Mbarara juu ya pikipiki, amefunga kitambaa kichwani na amevaa buti za mvua. Alikuwa Musawo Kyomugisha. Musawo ndivyo watu wa Uganda wanavyomwita mtu yeyote anayetibu. Kiswahili chake alikipata kwa baba yake aliyekuwa askari, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha amri. Aliuliza ni nani hapa anayejua kuandika, anayesikilizana na Wakongomani, na asiyetapika ovyo. Nikanyoosha mkono kwa sababu ya sifa mbili za kwanza. Ile ya tatu nilijifunza kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Polio ikimshika mtoto, mguu au mkono hulegea ghafla. Lakini mguu unaweza kulegea kwa sababu nyingine nyingi, na macho ya mtu hayawezi kutofautisha. Hivyo kila mtoto aliyelegea ghafla ilibidi tuchukue kinyesi chake mara mbili, siku mbili tofauti, kabla wiki mbili hazijapita, kiende maabara Entebbe kikaangaliwe kama kina kirusi. "Wewe hapana daktari," Musawo aliniambia. "Wewe hapana fikiri hii ni polio, hii hapana polio. Mguu nalegea, wewe naleta mavi."

Mara ya kwanza niliiharibu kazi. Nilipata kinyesi cha mtoto mmoja, nikakiweka katika sanduku la baridi pamoja na barafu, nikaanza safari vizuri. Njiani kulikuwa na harusi ya Mbembe mwenzangu, mtu wa kabila langu. Nikasema nisalimie tu. Nilipofika Mbarara jioni na Musawo akafungua sanduku, barafu yote ilikuwa maji na chupa inaelea. Hakunigombeza. Aliniambia nirudi kwa yule mama nikaombe tena. Kuna aibu nyingi duniani, lakini sijui inayofikia ile ya kurudi kwa mama wa mtoto mgonjwa na kumweleza kwamba kinyesi cha mwanawe umekiharibu kwa ajili ya wali wa harusi. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wali ulikuwa mzuri.

Tangu siku ile sikusimama tena njiani ila Kaberebere, dukani kwa Hajati Zuhura, aliyeuza samaki na maji baridi na alikuwa na friza. Nilimwomba anigandishie barafu. Alipojua ni ya kazi gani, akakataa. Nikamweleza kwamba friza yake haitaona chochote ila maji ndani ya plastiki. Akakubali kwa sharti kwamba sanduku lisivuke mlango wake. Basi sanduku lilibaki nje juu ya pikipiki niliyopewa kwa kazi hiyo, na Hajati alinitolea barafu mwenyewe, ameinyoosha mbele kwa mkono mmoja kana kwamba mimi ndiye ninayenuka. Miaka yote ile hakuniomba kitu.

Kwenye kizuizi cha kuingia Mbarara kulikuwa na polisi mmoja aliyeshuku kwamba ninapitisha samaki wadogo wa ziwa letu, wale wasioruhusiwa kuvuliwa. Nikamwambia si samaki. Akasema fungua. Nikafungua, nikamfungulia na chupa. Kuanzia hapo, wengine waliposimama kuonyesha karatasi, mimi nilipungiwa mkono kutoka mbali nipite kama waziri.

Mambo mengine nitawaambia haraka, kwa sababu huenda yakawafaa hata na simu zenu. Jina la mtoto liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, kwa maana vifuniko hubadilishana. Mtoto asiyeenda choo asihimizwe. Mpeni papai lililoiva, kaeni, ongeeni na bibi yake mambo mengine. Na msiende kwa mgonjwa mkiwa na haraka usoni. Watu huficha ugonjwa wanapoona kwamba una pengine pa kwenda.

Lakini nililojifunza kwa shida zaidi linamhusu Mama Nyota. Huyu alikuwa mjane kutoka Uvira, mkandaji wa viungo na mnyooshaji mifupa, na nyumba yake ilikuwa upande wa chini karibu na ziwa. Mimi, mtu wa zahanati, nilimdharau. Niliwaambia watu wasipeleke watoto kwake, na pengine nilitumia neno baya. Miezi ikapita. Kila wiki nilijaza fomu yangu kwa mwandiko mzuri: hakuna mtoto aliyelegea. Musawo akaja kuona ajabu hiyo. Kambi imejaa watu namna hii, akasema, na hakuna hata mguu mmoja? Akazunguka kuwauliza akina mama kwamba mtoto akianza kuchechemea wanampeleka wapi. Wote wakaonyesha nyumba moja.

Tukaenda. Musawo akavua buti, akaketi mkekani, akamwomba Mama Nyota atusaidie. Mama Nyota akanitazama mimi.

"Huyu aliambiaka batu miye muchawi," alisema.

Nikaomba radhi, na Musawo akanitaka niombe mara ya pili, kwa sauti. Baada ya hapo Mama Nyota akawa macho yangu. Mtoto hakulegea hata kidole pasipo yeye kunitumia habari siku hiyohiyo. Akina mama walipouliza wazungu wanataka nini na mavi ya watoto wetu, yeye ndiye aliyejibu. Aliwaambia wanatafuta mdudu; wakimpata wataleta dawa, wakimkosa ni vizuri zaidi. Mimi nilikuwa na ukurasa mzima wa maelezo kuhusu jambo hilo na haukuwahi kumtuliza mtu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo semina hazikulisema. Kwenye tangi la ile pikipiki yangu paliandikwa POLIO kwa herufi kubwa. Lakini kinyesi cha polio ndicho kilichokuwa mzigo mdogo kuliko yote. Humo sandukuni ilipanda damu ya watoto wa surua. Mfukoni mwangu zilipanda habari za kuhara upande wa ziwani, na za mbwa aliyeuma watu. Wakati wa kurudi nilileta chanjo za kila aina kwa ajili ya watoto wa wageni waliofika wiki ile. Mara moja nilimbeba mkunga, na mama akajifungua salama. Friji ya kituo cha afya ilinunuliwa na polio lakini ilitunza chanjo zote. Mafuta aliyotembelea Musawo yalikuwa ya polio, na kwa mafuta hayo alisikia kila ugonjwa wa wilaya. Polio ndiyo iliyokuwa na pesa. Magonjwa mengine yalikuwa jamaa zake maskini, yalipanda nyuma na kunyamaza. Katika ripoti tulimwandika yule tajiri peke yake.

Basi tukatafuta polio kwa bidii, na kadiri tulivyotafuta ndivyo tulivyokosa. Nchi ikatangazwa kwamba haina polio. Tukaitwa Mbarara, kwenye ukumbi wenye mapambo, tukapigiwa makofi. Mgeni mmoja kutoka mbali alisema tumefanya kazi nzuri mpaka tumejiondolea kazi, na alimaanisha sifa. Mimi sijui kazi nyingine ambayo ukiifanya vizuri kabisa unaagwa. Wakasema fedha zitapungua kidogokidogo na wilaya itachukua nafasi. Musawo akanyoosha mkono akauliza surua ya Nakivale kuanzia kesho itapanda nini kuja Mbarara. Akajibiwa kwamba swali ni zuri na limeandikwa. Kisha zikaja soda. Nilienda sherehe ile nikiendesha pikipiki. Nilirudi kwa miguu na kwa lifti ya lori la matoke, na cheti ndani ya bahasha. Sanduku la baridi halikuulizwa na mtu. Nafikiri ni kwa sababu ya harufu.

Musawo naye baada ya muda mkataba wake haukuendelea. Akafungua duka la dawa Ruharo. Mimi nikashika jembe.

Watu walizidi kuja kutoka Kongo. Hapo mwanzo watoto wa wageni walichanjwa wiki ileile waliyofika, kwa sababu pikipiki ilikuwepo. Sasa chanjo ilikuja gari likipatikana, na gari lilikuwa na shughuli. Katika wageni hao alikuwemo binti wa Mama Nyota na watoto wake wawili: Riziki, msichana wa miaka mitatu, na Amani, kaka yake. Walifika wamechoka, bila chanjo, na Mama Nyota akawapokea kwa furaha ambayo nyinyi mliozaliwa hapa hamwezi kuijua.

Siku moja mchana nilikuwa shambani napalilia maharagwe. Mama Nyota akaja, akasimama mwisho wa mstari.

"Papa, kwa nyumba ya bageni iko batoto batatu," alisema. "Moto mingi, macho nyekundu, tupele tunaanzia nyuma ya masikio."

Alivyoeleza ilikuwa surua, tena aliieleza vizuri kuliko kitabu changu. Mimi sikuinua mgongo. Nilimwambia kazi ile ilikwisha, aende kwa wale wanaolipwa. Vijana, nitawaambia ukweli wote, la sivyo sina sababu ya kuwasimulia: nilifurahi kuyasema maneno hayo. Tangu ile sherehe nilikuwa nayo rohoni, na nilikuwa nikingoja mtu wa kumtupia. Akaja yeye.

Hakubishana. Alitembea mpaka kituo cha afya, mwendo wa saa mbili, akasema aliyoyaona. Muuguzi akaandika kwenye rejista, siku iliyofuata akaenda, akatoa damu ya watoto wawili, akaiweka kwenye friji. Alifanya yote yaliyo sahihi. Rejista ikakaa na damu ikakaa. Mtu aliyekuwa akipita kuzichukua alikuwa mimi.

Jumapili ya wiki iliyofuata mchungaji aliombea watoto wagonjwa, akataja mstari mzima wa nyumba za upande wa ziwani. Sikungoja ibada iishe. Nilimkuta Riziki amelala mapajani mwa bibi yake, mbavu zinapanda na kushuka, na kila pumzi inakwaruza. Amani alikuwa na vipele mwili mzima lakini aliweza kunywa uji. Mama Nyota akanisogezea kigoda kama siku zote. Nikamwambia mtoto apelekwe kituoni sasa hivi. Alinijibu wametoka huko asubuhi, dawa wamepewa, wameambiwa wangoje gari la kuwapeleka hospitali.

Asubuhi nikachukua lile sanduku, nikapita kituoni kuchukua damu, nikapanda bodaboda. Kaberebere Hajati Zuhura aliniona kutoka ndani. Akauliza kwani hawakusema ugonjwa umekwisha? Nikamwambia huu ni mwingine, ni surua. Akatoka na barafu, akalifungua sanduku mwenyewe na kuipanga ndani kwa mikono yake miwili.

Ofisini Mbarara, chumba cha Musawo kilikuwa kimejaa viti vya plastiki. Kijana mmoja mpole akaniambia kwamba fomu niliyoshika haitumiki tena, na kwamba Nakivale sasa ni ya wilaya nyingine, nianzie huko na barua. Sikumlaumu. Alikuwa na wiki chache pale, na hakuna aliyemwachia neno lolote. Barafu haikujua habari za wilaya. Nikaweka sanduku kichwani nikaenda Ruharo kwa miguu.

Musawo Kyomugisha alikuwa akimpa mteja dawa ya kikohozi. Alilitazama sanduku kabla ya kunitazama mimi.

"Barafu iko?"

"Iko."

Akamaliza na mteja, akafunga duka. Tulipokuwa tunatembea akaniuliza habari hii niliisikia lini kwa mara ya kwanza. Ningeweza kumwambia jana. Nilimwambia siku kumi, na nikamweleza nilivyomjibu Mama Nyota. Tukafika penye mabasi.

"Mimi nalifikiri hawa wakubwa ndio nasahau," alisema. "Kumbe hata wewe."

Halafu akafanya kazi. Alimjua mtu wa basi la kwenda Kampala, akamjua wa kulipokea sanduku huko, akapiga simu kwa mtu wa maabara ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumsikiliza muuza dawa wa Ruharo, lakini alimsikiliza. Akapiga na wilayani. Nilimsikia akiongea kwanza Kinyankole cha heshima, lugha ya kwao, kisha kile Kiswahili cha baba yake. Siku chache baadaye magari mawili yakafika Nakivale na chanjo, foleni ikaanzia kituoni ikafika barabarani, na surua ikasimama.

Riziki hakuifikia foleni ile. Alifariki siku niliyorudi kutoka Mbarara, kabla gari la hospitali halijaja. Katika nyumba za wageni walifariki watoto wengine wawili. Amani alipona, isipokuwa sikio moja halisikii vizuri mpaka leo.

Nilingoja Mama Nyota anilaumu. Angenilaumu ningepumzika. Yeye baada ya matanga alikuja tena nyumbani kwangu kuniambia kuna mtoto mwenye shingo ngumu upande wa juu. Nikainuka kabla hajamaliza kusema. Tangu hapo sikuwahi kukaa alipokuja, na sikuwahi tena kulipwa.

Baadaye walikuja wageni wa kuchunguza kwa nini taarifa ilichelewa. Walikuwa watu makini. Niliwasimulia habari za shambani, na jembe, na nilivyojibu. Mmoja wao akasikiliza kwa huruma, kisha akaandika: upungufu wa usafiri. Si uongo. Tangu hapo pikipiki nyingine zimekuja, kila moja na jina la ugonjwa wake kwenye tangi, na kila moja hukataa kupakia ndugu wa mwenzake. Simu zenu pia zina mwenyewe, na siku moja ataziita. Kabla ya siku hiyo, mjue nyumba za watu mtakaowaendea kwa miguu, na wao wawajue.

Mama Nyota hayupo tena hapa. Mwaka jana jina lake lilitoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi ya mbali, yeye na binti yake na Amani. Asubuhi ya safari nilienda kuwaaga. Mabasi yalikuwa yamepangana, watu wameshika mifuko myeupe ya makaratasi, wengine wanaimba. Nilikuwa nimekaa na neno langu miaka, nikaona nisipolisema pale nitazikwa nalo. Nikamwambia, Mama, ile siku ya shambani ilinipasa niache jembe.

Alipandisha mkono wa blauzi akanionyesha plasta ndogo begani, kisha akavuta shati la Amani akanionyesha na ya kwake. Alisema walichomwa sindano nyingi, na moja ilikuwa ya surua, kwa sababu huko wanakoenda watu wanaiogopa sana. Hata yeye mzee walimchoma. Hata Amani aliyekwisha kuugua. Na chanjo haikuisha, ilibaki kwenye sanduku.

"Kumbe dawa iko, Papa," alisema. "Inangojaka tu mutu apate safari."

Kisha akanipa mkono, akapanda basi.